Sauti Iliyolala Ndani ya Sanduku la Mbao

Kompyuta yangu niliiunda kwa mikono yangu, na ilikuwa na ugonjwa mmoja: kulala ilijua, kuamka ilikuwa bahati nasibu.

Vipuri vyake vilikuja kimoja kimoja. Mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vyote, ilitoka Mwanza ikiwa imeviringishwa kwenye taulo. Memori niliinunua Sirari, kwa kijana wa upande wa pili wa mpaka aliyeniambia hii ni poa kabisa madam, hata ukiiangusha. Pawasaplai, ya kuigawia umeme, niliing'oa kwenye mashine ya ofisi fulani iliyokuwa imekufa. Sanduku lake nilichongewa na seremala hapa hapa Mugumu, mbao nzuri, vanishi inang'aa, ila mimi mwenyewe nilisahau kumchorea tundu la kitufe cha kuwashia. Basi ikabaki hivyo. Kuiwasha unafunua mfuniko wa juu, unachukua bisibisi, unagusisha vipini viwili vya chuma vilivyosimama kwenye kona ya mazabodi, unaachia hapo hapo. Ukigusa ukaachia, inawaka. Ukigusa ukang'ang'ania, inazimika kabisa na haikuulizi.

Kazi yangu ni kurekodi kwaya. Chumba cha nyuma nimekitundika magodoro ukutani ili sauti isirudi rudi, na waimbaji wanatoka Issenye, wanatoka vijijini huko, wanaingia na vumbi lao na nyimbo zao. Mimi si mpole nikiwa kazini. Mwimbaji akikohoa katikati ya ubeti nasimamisha, namtazama, naanza upya. Wananiita mwalimu mkali na sijawahi kuwakatalia.

Mume wangu ndiye aliyeleta mambo ya kulala. Yeye ni mwalimu kweli, anafundisha Issenye, anakwenda na pikipiki asubuhi anarudi jioni, na akifika tu macho yake yanakwenda kwenye mita ya Luku. "Mama watoto, hii mashine yako inakula umeme hata ukiwa sokoni. Iache ilale." Nikaiweka ilale yenyewe ikiachwa muda bila kuguswa.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Kwanza ikawa inaamka bila kuamshwa. Bodaboda ikipita nje meza inatikisika, mausi inasogea kiduchu, na feni zinaanza kuvuma chumbani hakuna mtu. Nikainyima mausi ruhusa ya kuiamsha, nikainyima na kibodi. Ikatulia. Kisha ukaja ugonjwa wa pili, mbaya zaidi. Siku nyingine nikigusa na bisibisi inaamka vizuri, kila nilichokuwa nimefungua nakikuta. Siku nyingine inashtuka, feni zinazunguka kidogo, inazimika, halafu inaanza kuwaka upya kama imezaliwa leo, imesahau kila kitu. Nilichomoa memori nikaifuta meno yake kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Nikabadilisha nafasi yake. Nikaitukana. Haikusaidia, nikawa najiambia nitaliondoa hilo suala la kulala kesho, na kesho ikija kuna kwaya mlangoni.

Ndivyo ilivyokuwa mama yangu alipoletwa kutoka kijijini kwetu Mbalibali.

Mama alikuwa na saratani ya koo. Daktari alikuwa ameshatueleza bila kuzunguka: kikoromeo kitatolewa chote, atapumua kwa tundu la shingoni, atakula, ataishi, lakini hatasema tena. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ataweza kulima. Alipojibiwa ataweza, akasema sawa.

Sauti ya mama yangu ilikuwa ya kusikika ng'ambo ya mto. Alituita kutoka shambani tukiwa watoto na hakuna aliyeweza kujifanya hajasikia. Sasa ilikuwa imebaki mkwaruzo, na kila neno lilimuuma. Akaniambia anataka kutubariki kabla ya kwenda Mwanza kupasuliwa, nami nimwekee maneno yake kwenye mashine. Sababu yake alikuwa amekaa pembeni yake: mdogo wangu wa kike, mjamzito wa miezi ya mwisho, aliyekuwa akimsindikiza hospitali. "Hawa wengine wamenisikia mpaka wamenichoka," mama alisema, akionyesha tumbo kwa kidevu. "Huyu hajanisikia." Ndiyo maana sikutaka simu. Sauti ya simu kwangu mimi ni makapi. Huyo mtoto angesikia kitu kimoja tu cha bibi yake maisha yake yote, na kitu hicho lazima kiwe safi.

Mume wangu hakuwepo asubuhi hiyo, na isingefaa awepo. Kwao Tarime mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hatamki jina lake. Alimsalimia shikamoo akiwa nje, amegeukia pembeni, akawasha pikipiki akaenda zake kazini.

Tukaingia chumba cha nyuma, sisi watatu. Nikafunga maiki, nikachomeka kila kitu, nikaanza kurekodi. Mama alisema kwa lugha yetu. Alituita mmoja mmoja sisi watoto wake, waliopo na wasiokuwepo, akawaita wajukuu, na alipomfikia aliye tumboni akamwita wewe tu, maana kwetu asiyezaliwa haitwi jina. Alimwambia kuhusu nyumba ya Mbalibali, kisima, ng'ombe mwekundu mkorofi. Alipumzika kila baada ya maneno machache. Nilikuwa nimeinamisha uso kwenye kibodi ili asinione. Mwisho akachukua kikombe cha maji, akasukutua, akatutemea vichwani, mimi na mdogo wangu, na maji yakatutiririka mpaka shingoni.

Kwetu ukishatemewa baraka unainuka na kutoka. Hugusi kitu, hugeuki nyuma, hurudi ndani mpaka aliyekubariki awe ameondoka. Waliobarikiwa wanatangulia na mizigo, aliyebariki anatoka wa mwisho. Nimekua na hilo kama nilivyokua na kunawa mikono kabla ya kula. Basi niliinuka, nikapita mbele ya kompyuta yangu ikiwa bado inarekodi, nikatoka. Wala haikunijia akilini kunyoosha kidole. Mama alichelewa kidogo kutoka, nikadhani anafunga kilemba.

Tulikwenda stendi. Nilimpandisha basi, nikamwekea mto wa mgongoni, nikagombana na kondakta kuhusu kiti cha mbele mpaka akampa. Mama akanishika mkono dirishani. Hakusema kitu, alikuwa amemaliza kusema. Basi lilipoondoka nilikaa kwenye benchi la mama lishe mmoja, nikalia na chai ikapoa, na sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Nilipofika nyumbani chumba cha nyuma kilikuwa kimya. Kioo cha kompyuta cheusi. Kwenye mwanya wa sanduku, taa ndogo ya mazabodi ilikuwa inawaka na kuzima polepole, inawaka na kuzima. Mashine ilikuwa imelala.

Programu ninayotumia ni ya zamani, haihifadhi chochote mpaka uiambie. Kila neno alilosema mama lilikuwa limening'inia kwenye ile memori ya Sirari, likishikiliwa na umeme kiduchu tu. Nikiiamsha vizuri, nalipata. Ikishtuka na kuanza upya, kwisha.

Nilimpigia mdogo wangu. Walikuwa bado njiani. Nikamwambia ukweli, maana kumficha nisingeweza, nikamwomba amwambie mama aseme tena maneno machache tu kwenye simu, hata makapi, nitayasafisha. Nikasikia wananong'ona, nikasikia muungurumo wa basi. Kisha mdogo wangu akarudi.

"Anasema ameshasema. Maji ameshatema. Baraka hairudiwi kama nyimbo za kwaya zako."

"Mwambie ni kwa ajili ya mtoto."

"Nimemwambia. Amefumba macho." Akasogeza simu mdomoni. "Dada, fanya unachoweza. Usipoweza mtoto nitamsimulia mimi." Na sauti yake ikakatika hapo hapo. Nilijua analia na anajificha mama asimwone.

Kumsimulia mtu sauti. Nilikaa sakafuni mbele ya sanduku nikaona hasira inapanda, hasira ya kweli, kwa mashine, kwa Luku, kwa mume wangu na ushauri wake, kwa daktari, kwa koo. Nilitaka kulipiga teke lile sanduku. Badala yake nikajilazimisha kufikiri, kwa sauti, kama mtu anayekaripia mtoto: Ni lini inaamka vizuri? Ni lini inakufa?

Nikazikumbuka siku. Ilipoamka vizuri nilikuwa peke yangu, naandika au nakata nyimbo. Ilipokufa, zilikuwa siku za kwaya. Siku za kwaya kuna nini? Kuna kelele, kuna vumbi. Nikaangalia nyuma ya sanduku na nikaona nyaya. Siku za kwaya nachomeka kila kitu: mikisa ya kuunganishia maiki, diski ya nje, taa ya mezani, kifeni cha kupuliza waimbaji. Vyote vinanyonya kwenye mashine. Ikilala, inavilaza. Ikiamka, vyote vinaamka kwa pamoja na kudai chakula kwa wakati mmoja, na ile pawasaplai ya mitumba inazidiwa, inajikata. Wiki nzima nilikuwa nafuta meno ya memori na memori haikuwa na kosa.

Sikuwa na uhakika. Nataka hilo lieleweke. Ilikuwa hisia yenye sababu, si zaidi, na sikuwa na mahali pa kuijaribu isipokuwa hapo hapo, kwenye sauti ya mama yangu.

Nikaanza kuchomoa. Kifeni. Taa. Diski ya nje. Kila nilipovuta waya nilitazama ile taa ndogo kama bado inawaka na kuzima. Ilikuwa inawaka na kuzima. Nilikuwa nimeshika waya wa mikisa ndipo wingu likafunika mji, upepo ukapiga bati, na umeme ukakatika.

UPS ikalia. Kwangu ni kile kidude cheusi chini ya meza kinachoishikilia mashine umeme ukiondoka, na betri yake ilikuwa imezeeka. Ikalia, ikanyamaza, ikalia. Kadiri betri inavyokwisha, inalia kwa haraka zaidi.

Mume wangu akaingia akiwa ameloa. Mvua ilimkuta njiani. Aliniona sakafuni na nyaya zimenizunguka, mfuniko umefunuliwa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakutania. Nikamweleza kwa maneno machache. Akauliza, "Kwa hiyo maneno yake yako humo?"

"Yako humo."

"Na hicho kinacholia?"

"Kikiacha kulia, yamekwenda."

Akavua koti, akapiga magoti pembeni yangu. "Kioo kiko wapi? Washa kioo uone."

Kioo kilikuwa kimechomekwa ukutani, na ukuta haukuwa na umeme. Ningeweza kukihamishia kwenye UPS, lakini kioo kile ni televisheni ya zamani, kingeimaliza betri kabla sijaona lolote. Nikamwambia hapana. Nitaiamsha gizani. Nitahifadhi gizani. Ile programu naitumia kila siku, vidole vyangu vinaijua kuliko macho.

"Utajuaje kama imekubali?"

"Nitasikia." Nikachomoa mikisa, nikachomeka hedifoni moja kwa moja kwenye mashine, nikazivaa sikio moja tu, la pili nikaliacha kwa ajili ya UPS.

Akawasha tochi ya simu akamulika ndani ya sanduku. Nikachukua bisibisi. Mkono ulikuwa unatetemeka, na mkono unaotetemeka ndio unaong'ang'ania. Nilijaribu kuutuliza kwa mkono wa pili, ikawa mikono miwili inatetemeka.

"Nipe nigusishe mimi," alisema.

"Huyu ni mama yangu."

"Najua. Ndiyo maana." Kisha akasema taratibu, "Basi nikushike kiwiko." Akanishika. Kiganja chake kilikuwa na baridi ya mvua. UPS ilikuwa imeanza kulia kwa haraka, pi, pi, pi. Nikashusha ncha ya bisibisi kati ya vile vipini viwili. Ikagusa, akanivuta kiwiko juu.

Feni zikavuma. Nikasubiri ule mshtuko, ule mkato ninaoujua, na mwili wangu wote ulikuwa umekaza kama naupokea mimi. Haukuja. Feni ziliendelea kuvuma. Ile taa ndogo ikaacha kupepesa, ikatulia ikiwa imewaka.

Nikaiwazia ile programu kwenye kioo cheusi: imeamka, haioni maiki, imeweka ujumbe wa kulalamika katikati. Nikabonyeza kitufe cha kuukubali. Nikabonyeza vya kuhifadhi. Nikaandika jina la faili, neno moja, mama, herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikakubali.

Diski ya ndani ni ya zamani, ikiandika inakwaruza. Haikukwaruza. UPS ilikuwa inalia bila kupumua sasa. Mume wangu alinitazama, nikamwona anataka kusema pole, na nilijua akiisema nitapiga kelele. Ndipo ikakwaruza. Krr, krr, krr, ndefu, tamu, ikaendelea, ikaisha.

Nikarudisha mwanzo, nikabonyeza kucheza. Mama alikuwa kwenye sikio langu, anaita jina la kaka yetu mkubwa.

Nilipaswa kuizima hapo hapo kwa utaratibu. Nilikuwa nimeshapata nilichotaka. Lakini nilitaka kuhakikisha na mwisho upo, nikaruka mbele mpaka kwenye maji. Nikasikia anasukutua, anatema, nikasikia viti vinasogea, mizigo, mlango. Hatua zetu zinatoka. Kisha kimya cha chumba changu chenye magodoro.

Mama alikuwa bado ndani. Nilimsikia anapumua. Nikasikia kitambaa, kilemba kweli, anakikaza. Halafu akaita jina lake.

Jina lake mwenyewe. Hakuna anayemwita hilo siku hizi, wazazi wake wamekufa, sisi tunamwita mama, kijiji kinamwita kwa jina la kaka yetu. Aliliita kwa ile sauti ya shambani, sijui aliitoa wapi, ilikwaruza na kuvunjika lakini ilikuwa yenyewe, ya kuvuka mto. Akanyamaza. Akaliita tena. Kisha akaitikia, polepole, kama msichana aliyeitwa na mama yake.

Baada ya hapo ni mlango tu.

UPS ikakata. Feni zikasimama. Mume wangu akaniona machozi akadhani tumeipoteza, akaanza kunishika bega.

"Ipo," nikamwambia. "Imeandikwa, ipo."

"Sasa unalia nini?"

"Alibaki ndani peke yake. Amejiita jina."

Akainamisha kichwa. Jina lenyewe hakuliuliza, kwao haliulizwi. Alizima tochi, tukakaa sakafuni na mvua inapiga bati.

Umeme uliporudi kitu cha kwanza nilichofanya ni kuinyima ile mashine ruhusa ya kulala, moja kwa moja. Pawasaplai nilibadilisha. Mume wangu hajasema neno tena kuhusu Luku.

Mama alirudi kutoka Mwanza na tundu shingoni, amelifunika kwa kitambaa cheupe. Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike. Mama ndiye mwenye haki ya kutoa jina, na hakuwa na sauti ya kulitoa, kwa hiyo tulipokaa kikao kila mtu alipendekeza lake na yeye akawa anatikisa kichwa, hapana, hapana. Mwisho akapiga kifua chake kwa kiganja. Mtoto akaitwa jina lake.

Sijawahi kumuuliza mama siku ile alikuwa anamwita nani, na kama angekuwa na sauti nadhani bado nisingeuliza. Akija Mugumu anakwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, anakaa, mjukuu mapajani, ananionyesha mashine kwa kidevu. Nami naicheza yote mpaka kwenye maji, mpaka kwenye mlango, mpaka pale penye kimya. Zamani tulikuwa tunasikia jina linaitwa mara mbili, halafu mama anaitikia. Sasa mtoto ameanza kutembea. Likiitwa mara ya kwanza anainua kichwa, na likiitwa mara ya pili anaitikia yeye, kabla ya bibi yake.